Ufa Kwenye Medali ya Amani

Baba yake Etelvina Rubiano alipigwa risasi nne huku watu wakimshangilia. Ilikuwa Jumapili mchana kwenye uwanja wa tejo, nyuma ya duka la bia la Santa Rufina, na tejo ni mchezo wa kelele: mtu anarusha kisahani cha chuma kwenye udongo uliotegwa vibahasha vya baruti, akipatia vinalipuka. Ulilia mlipuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, watu wakasema leo mkono wa mzee umekubali. Walipogeuka walimkuta amelalia kreti za chupa, kisigino kinakwangua ardhi. Aliyempiga alimalizia bia yake, akaondoka kwa miguu.

Etelvina alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimfunga baba yake taya kwa kitambaa chake cha kichwa, akamzika Jumatatu, na Jumanne akafungua meza yake sokoni. Wengine walisema msichana hana uchungu. Uchungu alikuwa nao, lakini padri alikuwa anasubiri medali mia mbili za maandamano ya Bikira, na kazi ya kuchonga majina ilikuwa imefika nusu.

Meza hiyo ilimlisha miaka thelathini na nane, kati ya mwanamke muuza arepa, mikate ya mahindi, na fundi saa. Alianza kwa kuchonga majina, akaishia kukadiria bei, maana bonde lile la zumaridi lilikuwa na ugonjwa wa medali. Mgodi ukitimiza miaka kumi, medali. Bendi ya matarumbeta ikipata sare mpya, medali. Tajiri mmoja alimpigia medali farasi wake, sura ya farasi upande mmoja na ya mke wake upande wa pili, na watu walibishana miaka upande upi ndio wa mbele. Serikali haikuhusika na lolote kati ya hayo. Mwenye pesa alikwenda Bogotá kwa sonara mwenye mashine, mchoro mkononi, akarudi na sanduku. Kisha alikufa, mara nyingi kwa risasi, na watoto wake wakamletea Etelvina medali zake zimefungwa kwenye soksi.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliipima medali, akaigonga kwa ukucha karibu na sikio, akapitisha kidole gumba cha kulia ukingoni mzunguko mzima, ndipo akachukua lenzi. Ukimwuliza ina fedha gramu ngapi alichukia. "Hiyo hata muuza viazi mwenye mizani atakwambia," alisema. "Mimi niulize nani aliipiga, alipiga ngapi, alimpa nani, na kwa nini." Medali ya shaba ya mbio za baiskeli zilizovunjika kwa maporomoko, ambayo nakala zake zilibaki sita tu, aliithamini mara nne ya sahani nzito ya fedha ambayo kila mlinzi wa mgodi alikuwa nayo. Na mwanamke aliyeleta medali ya askofu inang'aa kama kijiko, kaisugua kwa majivu na ndimu, aliambiwa: "Umeiosha, mama, bei nayo imekwenda na maji."

Ndipo vikaja vita vya koo mbili. Wapinilla walikuwa na migodi ya ng'ambo ya juu ya mto, Wabuitrago ya ng'ambo ya chini, na mshipa mmoja wa mawe ya kijani ulipita chini ya pande zote mbili bila kuuliza mpaka uko wapi. Kwa miaka sita watu waliuana mashimoni, njiani, kanisani kwenye ubatizo. Mume wa muuza arepa alikatwa mapanga akiwa amebeba gunia la mahindi, na mahindi yalifagiliwa yakauzwa. Gari la walinzi lilichomwa na watu wanane ndani yake, na harufu ilikaa sokoni mpaka mvua ya Aprili. Etelvina alipoteza ncha ya sikio la kushoto kwa risasi iliyokuwa ya mtu mwingine. Aliokota pamba kwa fundi saa, akaibandika, akaendelea kuchonga. Miaka hiyo alichonga vibao vya misalaba kuliko kitu kingine chochote.

Amani ililetwa na uchovu. Don Sacramento Pinilla, mkubwa wa ng'ambo ya juu, alikuwa amezika wana wanne na hakuwa na wa tano wa kupeleka. Alikutana na wazee wa Kibuitrago mbele ya padri, wakashikana mikono, na kwa kuwa yeye naye alikuwa mtu wa bonde lile, akaagiza medali. Zilikuwa sitini, za fedha. Upande mmoja mikono miwili imeshikana juu ya mdomo wa mgodi, upande wa pili tarehe na neno amani. Kila aliyeweka bunduki chini alipewa moja aivae shingoni. Mwenye medali alivuka daraja huru. Mwanamume asiye nayo alirudishwa alikotoka.

Hapo tu watu wakaanza kuzitengeneza za bandia. Don Sacramento aliajiri walinzi wa kutoka mabonde ya mbali, wasio na ndugu upande wowote, na mkuu wao, Ubaldino Cárdenas, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, akamfuata Etelvina sokoni. Alitaka akae darajani kila Jumamosi, siku ya msongamano, atenganishe za kweli na za uongo. Etelvina alikubali. Alidhani wenye za uongo watarudishwa.

Jumamosi ya kwanza alitoa tatu. Zilikuwa zimemiminwa kwenye mchanga: ndogo kidogo, zina vipele, ukizigonga zinanyamaza kama kigae. Alizisukuma pembeni na kusema bandia. Walinzi waliwachukua wenyewe watatu chini ya daraja, na yeye akiwa bado anafunga mizani alisikia mpini wa sululu ukifanya kazi. Mmoja alipanda tena akitembea kwa magoti. Wawili hawakupanda. Etelvina alimwambia Ubaldino hatarudi. Ubaldino akamjibu kwa upole kwamba fundi saa ana mabinti wawili, na kwamba nyumba ya Etelvina mwenyewe ni ya mbao.

Basi akarudi. Na kwa kuwa alirudi, aliona afadhali asikosee. Hilo ndilo alilojishikiza nalo: neno lake likiwa sahihi, mzigo ni wa aliyeghushi.

Mwezi wa tatu zikaja bandia nzuri, zikajulikana tu kwa kuwa Jumamosi moja zilivuka zaidi ya sitini. Mtu fulani mjini alikuwa amechonga chuma chake cha chapa, kile kinachopiga sura kwenye fedha, na kupata mashine, kwa hiyo uzito ulikuwa sawa, mlio sawa, ukingo sawa. Etelvina alikesha nazo kichwani wiki nzima. Jumamosi akaziomba medali za watu kumi aliowaona kwa macho yake wakipewa kanisani, akaziweka safu moja, na kidole gumba kikapata kitu. Kwenye zote kumi, kuanzia kifundo cha mkono wa kulia mpaka ukingoni, ulipita mstari mwembamba uliotuna kama unywele chini ya shuka. Chuma cha chapa cha sonara wa Bogotá kilikuwa kimepasuka, na kila pigo likachukua alama ya ufa ule. Mwenye kughushi alidhani ni mkwaruzo, hakuuchonga. Aliwaonyesha walinzi. Yenye ufa ni ya kweli, isiyo na ufa ni ya uongo. Walimpigia makofi, wakamletea kahawa.

Kosa lilikuwa pale pale, na ni kosa ambalo mtu wa bonde lile asingeweza kuliepuka. Medali zote alizozishika zilikuwa za watu wa kawaida. Wakubwa hawakuombwa kuonyesha. Wao walipita darajani ndani ya magari na walinzi wakavua kofia.

Aristóbulo Peña hakuwa mkubwa. Alikuwa mpeleka barua. Miaka yote sita ya vita alivuka daraja bila hata kisu, barua za Wapinilla mfuko wa kulia, za Wabuitrago wa kushoto, na pande zote mbili zilimpiga lakini hakuna uliomwua. Hakuwahi kuvaa medali yake, alikuwa ameiweka ndani ya boksi kabatini, kwa sababu kila mtu alimjua. Walinzi wapya hawakumjua, na don Sacramento alikuwa hospitali Bogotá. Walimtuma nyumbani akailete, akarudi anahema, anacheka, akiwaambia hiyo alipewa na don Sacramento kwa mkono wake, ya pili baada ya ya don mwenyewe.

Etelvina alimjua kwa sura. Aliyasikia majigambo yale yakamkera. Jua lilikuwa kali, foleni ilifika mpaka kwenye miti ya kahawa. Alipitisha kidole gumba kwenye kifundo cha mkono wa medali. Laini.

"Bandia," akasema.

Aristóbulo aliacha kucheka. Hakumtazama Ubaldino, alimtazama yeye. "Doña Etelvina, angalia tena. Angalia tena, mama, una haraka gani?" Yeye alikuwa ameshanyoosha mkono kwa anayefuata. Hawakumpeleka hata chini ya daraja. Ubaldino alimpiga risasi moja ya shingo pale pale juu ya mbao za daraja, watu wa foleni wakaruka nyuma wakifuta nguo zao, na walinzi wakamburuta kwa mikanda ya suruali wakamfukia ukingoni, karibu na nguzo ya tatu. Etelvina aliona walipochimba. Medali, Ubaldino alimrushia Etelvina mezani, akamwambia aiweke na takataka zake.

Herminda, mke wa Aristóbulo, alikuja sokoni siku ya kumi na moja. Alikuwa mwanamke mfupi, macho makavu. Wanawake hawakudaiwa medali darajani, lakini mke wa mdanganyifu alipigwa marufuku kuvuka, na ng'ambo ile ndiko aliko don Sacramento, na ndiko yaliko makaburi. Hakusalimia. Aliweka mezani boksi tupu la kadi, kitambaa chekundu ndani, na kikaratasi cha sonara chini ya kitambaa. Kikaratasi kilisema: ya pili kati ya sitini, kabla ya chuma kupasuka.

Etelvina alikisoma mara tatu. Kisha akatoa kopo la medali za bandia, akaitafuta ya Aristóbulo, akaiweka chini ya lenzi kama alivyopaswa kuiweka siku ile. Vidole vya ile mikono iliyoshikana vilikuwa na kucha. Kwenye zile kumi za ufa kucha zilikuwa zimeshafifia. Na chini ya herufi ya mwisho ya neno amani kulikuwa na kidoti, pale kifaa cha mchongaji kilipoteleza, kidoti ambacho zile kumi zote zilikuwa nacho na bandia zote hazikuwa nacho. Kilikuwa pale muda wote. Yeye alikuwa ameishia kwenye ufa.

Alimwambia Herminda kila kitu, hakujitetea. Herminda alisikiliza, akaichukua medali akaivaa.

"Jumamosi navuka," akasema.

Etelvina akamwambia atauawa, asubiri, don Sacramento bado yuko hospitali Bogotá anakatwa kidole cha mguu.

"Nasikia anarudi kesho. Atakaa darajani apokee watu wa kumpa pole." Herminda alifunga kifungo cha shingo. "Wewe ulisema neno moja ukampeleka mume wangu. Jumamosi utasema neno jingine. Usiposema, nitakuwa naye, basi."

Don Sacramento alirudi kweli, na swali lake la kwanza lilikuwa Aristóbulo yuko wapi, mbona hajamletea barua. Hapo Ubaldino akajua amemwua nani. Alimjibu don kwamba mpeleka barua amehamia tambarare za mashariki, kafuata mwanamke. Alhamisi akaja kwa Etelvina, akafunga mlango nyuma yake, akamweleza kwa ile sauti yake kwamba wao wawili sasa ni kama mapacha, akizama mmoja anamvuta mwenzake. Ubaldino akamshika nywele, akampiga kitako cha bastola mdomoni mara mbili. Meno mawili yalitoka. "Hayo ni ya kukumbushia, bi mkubwa," akasema, akamwokotea, akayaweka mezani juu ya mizani.

Jumamosi mdomo wake ulikuwa umevimba kama embe. Don Sacramento alikuwa ameketi kwenye kiti cha ngozi katikati ya daraja, mguu wenye bendeji juu ya kreti, poncho nyeupe, vazi lake la kujitanda, mapajani. Foleni ilisogea. Herminda alipofika, walinzi walimzuia kwa bunduki, naye akaivua medali akainyoosha mbele. Ubaldino aliipokea. Aliitazama, akaitambua, akamkabidhi Etelvina huku kamgeuzia don mgongo.

"Ni ya kweli," Etelvina akasema.

Ubaldino alitabasamu kwa ajili ya watu. Akasema bi mkubwa leo kalewa, jamani, ufa uko wapi, si yeye mwenyewe aliyetufundisha. Walinzi wakacheka, mmoja akasema labda ufa umehamia mdomoni mwake.

Etelvina alisimama. Alimpita Ubaldino akaenda mpaka mbele ya kiti, akanyoosha mkono.

"Don Sacramento, naomba ya kwako."

Hakuna aliyewahi kumwambia vile. Mzee akaingiza mkono shingoni akatoa medali yake, yenye joto la kifua, akampa. Etelvina alipitisha kidole gumba, kisha akaweka lenzi, mara hii hakuacha hata herufi moja.

"Kwa kipimo nilichowapa hawa, mzee wangu, hata hii ni bandia. Haina ufa. Chuma kilikuwa kizima kilipopiga zile za kwanza. Nilijua baadaye. Hii ya mama huyu na yako ni za siku moja."

"Hiyo ni ya Aristóbulo," don Sacramento akasema. "Nilimvisha mimi."

"Yuko nguzo ya tatu," Herminda akasema.

Ubaldino alianza kueleza. Sauti yake ilikuwa bado ya upole na mkono wake ulikuwa unashuka kiunoni, na don Sacramento akampiga risasi kutoka chini ya poncho, tumboni, poncho ikashika moto kidogo pale penye tundu. Ubaldino aliketi. Alishika tumbo kama mtu aliyekula vibaya, akajaribu kusema neno kwa Etelvina, likatoka povu. Alichukua muda mrefu kufa. Hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea, na mzee alipapasa poncho yake mpaka ile cheche ikazima.

Kisha akamgeukia Etelvina. Akamwambia yule alikuwa mkono, lakini mkono unafuata jicho. Akamwuliza Herminda anataka nini kwa huyu mwanamke: jicho, kidole, au yote, au amwache.

Herminda alifikiri. Mtu angedhani atasema mwache, kwa kuwa bila Etelvina yeye asingefika hapo akiwa hai. Watu wa foleni walingoja hilo.

"Mume wangu alimwomba aangalie tena," Herminda akasema. "Hakuangalia. Kidole kile anachopapasia. Jicho mwachieni."

Walimlaza mkono juu ya mbao ya daraja. Mlinzi mmoja alikuwa na kisahani cha tejo ndani ya mkoba wake, kilo mbili za chuma, akapiga nacho mara tatu, maana mara ya kwanza kilipiga ukucha tu. Etelvina alizirai kwenye pigo la pili akaamka kwenye la tatu. Kidole hakikurudi. Siku hizi anatumia cha kushoto, na kazi ya dakika moja inamchukua asubuhi nzima, na wateja wenye haraka wanakwenda kwa watu wengine.

Alipoweza kusimama aliwapeleka nguzo ya tatu, kwa sababu yeye ndiye aliyeona. Walinzi walichimba. Aristóbulo hakuwa chini sana, alikuwa ameibiwa viatu na mkoba wa barua. Walimvusha wakimbeba juu ya mlango wa banda, wakamchimbia kaburi ng'ambo, na Herminda akashuka ndani akamvalisha medali mahali shingo ilipokuwa. Don Sacramento alikuwa amebebwa na kiti chake mpaka pale. Akamwinamia Etelvina, aliyekuwa ameketi chini, mkono umefungwa kwenye sketi ya ndani ya muuza arepa, akamwuliza kwa sauti ya chini kitu kama kile kinaweza kwenda kwa bei gani. Aliuliza tu, kama watu wote wa bonde lile wanavyouliza.

Etelvina alikuwa anatetemeka meno, yale yaliyobaki. Hata hivyo akajibu, kwa kuwa aliulizwa. Akasema zisizo na ufa hazizidi kumi na mbili, zote za wakubwa, hii peke yake ndiyo aliyopewa mtu asiye na bunduki, kikaratasi cha sonara kipo. Akataja bei. Ilikuwa bei ya nyumba ya matofali na shamba la kahawa nyuma yake.

Alitaja akasikia makoleo yamesimama. Walinzi wanne walikuwa wameinua vichwa, udongo juu ya makoleo, wanatazama ndani ya kaburi.

Herminda naye aliwaona. Alitoka shimoni, akasubiri lijazwe mpaka juu, akamnyang'anya mmoja wao panga, akaketi juu ya udongo ule mbichi. Don Sacramento alicheka kidogo, akaondoka na kiti chake. Walinzi waliondoka nyuma yake wakigeuka geuka. Herminda alikaa hapo Jumamosi hiyo, na Jumapili, panga mapajani, na usiku wa Jumapili mmoja wao alirudi akaondoka bila vidole viwili. Jumatatu asubuhi Etelvina alifika na punda wa kuazima na mifuko mitatu ya saruji. Herminda hakuinuka wala kuweka panga chini. Etelvina alimimina maji ya mto, akaanza kuchanganya kwa mkono wa kushoto, polepole, maana ulikuwa bado haujazoea kazi.